Shajara ya kurudishia watu pesa za msiba na mirathi ya mjomba, Busia

Naweka hapa kumbukumbu ya jinsi tulivyorudishia watu pesa walizotoa mfukoni mjomba alipofariki, toka mazishi mpaka malipo. Nani kapata chumba gani na plot inaenda wapi sitaandika, hayo ni ya familia. Pesa zote ni shilingi za Uganda isipokuwa nilipotaja za Kenya, manake sisi ni watu wa mpakani na msiba wetu ulikula shilingi za nchi mbili. Mjomba aliacha watoto watatu, mmoja bado yuko shule, mkewe alitangulia. Wasimamizi ni binti yake mkubwa (namwita dada) na mimi. Mali: vyumba sita vya kupangisha mtaa wa Sofia, plot yenye hati, pesa benki, na deni la SACCO (chama cha akiba na mikopo).

11 Februari 2024: tumezika

Hospitali moja ya binafsi kule Mbale walikataa kutoa mwili mpaka bili iishe, 3,200,000, dada akakimbilia SACCO ya kazini kwake akakopa akalipa siku hiyohiyo. Mimi nikalipa gari ya kuleta mwili kupitia Tororo, 600,000. Binamu yetu wa Nairobi akatuma shilingi za Kenya 85,000 kwa simu. Mama mdogo (kwa watoto wa marehemu ni shangazi) alishika jikoni, mjomba mdogo akashika kaburi, yaani saruji, matofali, mchanga na fundi. Vijana wakaleta spika na jenereta. Wakwe wakaleta ng'ombe.

Kuna mtu alifanya kazi kubwa na siku ile hakuna aliyemwona: mwalimu jirani aliyekaa kwenye meza ya rambirambi na kaunta buku. Pesa ikiingia anaandika kwa kalamu nyekundu, ikitoka anaandika kwa ya bluu, na anayechukua anaweka sahihi au dole gumba. Kurasa za katikati zina doa la chai lakini zinasomeka. Mkiwa na msiba mtafuteni mtu kama huyu kabla hamjatafuta turubai.

Risiti: ile ya mafuta ya pale Tororo ilikuwa imeshaanza kufifia, hizi karatasi laini za mashine hazikai, ukiiacha kwenye dashibodi juani inabaki nyeupe kabisa. Piga kopi siku ileile, juu ya kopi andika kwa mkono ni ya nini, nani alilipa, tarehe. Meseji za mobile money nazo usizitegemee, simu huibiwa, omba stetimenti kwa kampuni ya simu mapema.

23 Machi 2024: mkutano wa hesabu, umevunjika

Matanga yamekwisha, ukoo ukakaa, mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) akiwepo. Utaratibu ulikuwa kila mtu asimame aseme alitoa ngapi, mwalimu aandike. Ikawa hivi:

dada, hospitali: 3,200,000
mimi, gari: 600,000
binamu wa Nairobi: 2,040,000 (KSh 85,000 kwa 24)
mama mdogo, chakula: 2,900,000
mjomba mdogo, kaburi: 1,100,000
wakwe, ng'ombe: 1,800,000
vijana, spika na jenereta: 450,000

Jumla 12,090,000. Mwalimu alipoisoma kwa sauti kukawa kimya kidogo, halafu vurugu. Wa ukoo wakasema ng'ombe wa wakwe harudishwi, hiyo ni mila, mtu huleta ng'ombe kwa heshima ya mkwe wake na siku yake ikifika naye ataletewa. Wakwe wakajibu basi na saruji pia ni mila, mdogo mtu kumjengea kaka yake kaburi ndo mila yenyewe. Hapo walikuwa na hoja, lazima nikubali. Mzee mmoja akauliza, "Kwani mlikuwa mnatoa au mlikuwa mnakopesha?" na hakuna aliyemjibu, tukaamka tukaenda kila mtu na njia yake.

Kilichokwamisha ni kwamba siku ya msiba mtu hasemi pesa hii ni rambirambi ama ni ya kurudishwa. Ukimuuliza siku ile ni kama unamtukana. Ukimuuliza wiki sita baadaye kila mtu alikuwa anakopesha.

14 Aprili 2024: kaunta buku imeongea

Tulibadilisha njia. Badala ya mkutano wa wote tukaomba watu watatu wasiodai kitu: mwalimu, mzee wa kanisa, na mwenyekiti wa LC1. Hao ndio wanapitisha madai. Dada na mimi hatusaini madai yetu wenyewe, wanasaini wao. Tuliweka hivyo kwa sababu msimamizi ambaye pia anadai ndiye wa kwanza kushukiwa, hata awe malaika.

Wakatumia kipimo kimoja: kama jina lako liko kwa kalamu nyekundu, hiyo ni rambirambi, imekwisha. Kama ulilipa moja kwa moja kwa muuzaji au hospitali na pesa haikupita mezani, na una karatasi au shahidi, hiyo inajadiliwa. Ng'ombe wa wakwe alikuwa kwa nyekundu, "ng'ombe 1", na jina la mleta. Wakwe walipoonyeshwa mstari wenyewe wakacheka, ikaisha.

Kazi ngumu ilikuwa kwa mama mdogo. Kwa nyekundu jumla ya rambirambi za pesa ilikuwa 3,870,000. Kwa bluu: turubai na viti 900,000, wachimba kaburi na soda zao 370,000, kwaya na kanisa 300,000, na 2,300,000 "chakula", mara nyingi kidogokidogo, na dole gumba la mama mdogo kila mstari. Kwa hiyo katika ile 2,900,000 ya jikoni, 2,300,000 ilitoka mezani na 600,000 ndo yake. Hakudanganya, namjua, alikuwa analisha watu usiku na mchana na mikono imejaa unga wa posho, akipewa pesa anaituma sokoni, mwisho akajumlisha kila kilichopita mkononi mwake. Lakini huwezi kulisema hilo mbele ya ukoo mzima. Mwalimu akaenda kwake jioni peke yake na buku, wakanywa chai, wakapitia mstari kwa mstari, na mama mdogo mwenyewe akasema andika laki sita. Mngelileta hilo kwenye mkutano mngekuwa na kesi mpaka leo.

Vijana wa spika walikuwa na stetimenti ya 250,000 tu, wakapitishiwa hiyo.

2 Mei 2024: kodi za vyumba

Kumbe toka mazishi mjomba mdogo alikuwa anapita kwa wapangaji akichukua kodi, vyumba sita kwa laki moja moja, Februari na Machi, 1,200,000, akisema anajirudishia ya saruji. Aprili wapangaji wakatuuliza wamlipe nani, ndo tukajua.

Tukaenda kwa wakili. Akasema sheria ya Uganda haitaki mtu aguse mali ya marehemu kabla ya kupewa mamlaka, ni kosa ambalo unaweza kushtakiwa kwalo. Kinachoruhusiwa ni kuzika, kutunza mali isiharibike, na mahitaji ya haraka ya familia. Kujilipa deni lako haimo, hata kama deni ni la kweli. Mjomba mdogo alikasirika sana, akasema yeye ndiye mrithi wa kimila na hapigiwi simu na watoto. Wakili akamwambia kwa upole kwamba mrithi wa kimila yupo kwenye sheria, mabadiliko ya 2022 yamemwachia asilimia 1, na hiyo 1 huhesabiwa baada ya madeni. Alinyamaza. Mimi pia nilinyamaza, si kitu cha kumcheka mzee.

Tulichofanya: laini mpya ya simu kwa jina la dada kwa ajili ya kodi tu, wapangaji wanatuma huko, kila mwisho wa mwezi stetimenti inachapwa na mwenyekiti wa LC1 anaisaini. Haitoki kitu isipokuwa ya kutunza nyumba na karo ya kijana. Zile 1,200,000 zikaandikwa kama "amekwishapokea" dhidi ya dai lake la 1,100,000. Yaani anadaiwa laki moja. Hakurudishwa nyuma kuombwa pesa ambayo ameshaila, na hakulipwa mara mbili.

Toka kwenye laini hiyo mpaka Desemba tulitoa 1,300,000 ya choo (kilijaa, ukuta mmoja ukabomoka na mvua ya Mei, wapangaji wangehama) na karo ya mihula miwili, 620,000 kila muhula. Makato ya kutoa pesa, pamoja na ile kodi ya serikali ya 0.5% ukitoa, tuliyameza wenyewe, madogomadogo haya ukiyadai watu watakuona mchoyo.

20 Juni 2024: makaratasi

Haya ni ya kawaida. Cheti cha kifo kutoka NIRA (ofisi ya vitambulisho na usajili), barua ya LC1, muhtasari wa kikao cha ukoo wenye sahihi za waliokubali wasimamizi, kopi za vitambulisho. Faili ikafunguliwa ofisi ya Administrator General (ya serikali, inayoshughulikia mirathi) tawi la Mbale, familia ikaitwa, tukatoka na cheti cha kutokuwa na pingamizi. Bila hicho korti haikupokei, isipokuwa mjane au aliyetajwa kwenye wosia kuwa msimamizi. Nauli na kopi zote ziliingia kwenye daftari letu la pili, jekundu, lenye safu tatu: nani, nini, ushahidi. Bodaboda hazina risiti, tunaandika tulikotoka na tulikokwenda na mwenzako anasaini pembeni siku hiyohiyo.

16 Septemba 2024: korti, na binamu wa Nairobi

Hakimu Mkuu anaishia mali ya milioni 50, yetu kwa plot na vyumba imepita, kwa hiyo Mahakama Kuu, Tororo. Mthamini 500,000. Tangazo gazetini 350,000, halafu siku 14 za kungoja kama kuna mwenye neno. Ada za korti hulipwa kwa PRN (namba ya malipo ya serikali) benki au kwa simu, risiti yake ni nzuri, haifutiki kwenye mfumo.

Ndani ya hizo siku 14 binamu wa Nairobi akapiga, anaweka kaveati (pingamizi kortini) kama pesa yake haitajwi. Kaveati ikiwekwa maombi yanasimama na mnaweza kuingia kesi ya kawaida, na kesi hailipi mtu. Tulimpigia wakati amepoa, jioni, dada ndo aliongea. Kumbe kilichomuuma ni kwamba aliona kwenye kikundi cha simu cha familia madai yake yameandikwa "2,040,000?" na alama ya kuuliza. Alama tu hiyo! Tukamwandikia barua ya ukurasa mmoja, kwamba dai lake la KSh 85,000 limepokelewa, kiasi gani kitalipwa kitaamuliwa na wale watatu barua za usimamizi (ruhusa ya korti ya kushika mali) zikitoka, wasimamizi wote wawili tumesaini. Akaacha kaveati. Kila mdai sasa tumempa barua kama hiyo, gharama yake ni karatasi.

28 Novemba 2024: barua za usimamizi zimetoka

Saa inaanza kuhesabu hapa. Orodha ya mali inarudishwa kortini ndani ya miezi sita, hesabu kamili ndani ya mwaka, na tangu mabadiliko ya 2022 barua zenyewe zina uhai wa miaka miwili.

17 Januari 2025: benki

Benki ya mjomba walituzungusha. Akaunti yake ya zamani ilikuwa na majina mawili na herufi moja tofauti, kitambulisho na cheti cha kifo vina matatu. Meneja anasema huyu si yule. Tulijaribu kupeleka barua ya LC1, wakakataa. Kadi yake ya zamani ya kazi, wakakataa. Kilichokubalika ni tamko la kiapo mbele ya kamishna wa viapo, dada akiapa kwamba majina yote hayo ni ya baba yake, likiambatana na kadi ile na kitabu cha zamani cha benki. Kama marehemu wenu alifungua akaunti kabla ya vitambulisho vya taifa, litengenezeni mapema pamoja na faili la korti, sisi lilitupotezea Krismasi nzima. Baada ya hapo wakafungua akaunti ya mirathi, watia sahihi wawili, pesa ya zamani ikahamia: 9,640,000. Tukahamishia na kodi zilizobaki kwenye ile laini, 2,860,000. Jumla 12,500,000.

8 Februari 2025: malipo

Mpangilio ni wa sheria, hatukuubuni. Kwanza gharama za mazishi kwa kiasi kinachoeleweka kulingana na hali ya marehemu, pamoja na matibabu ya mwisho, mwezi mmoja kabla ya kifo. Pili gharama za kupata barua za usimamizi. Tatu mishahara ya waliomfanyia kazi miezi mitatu ya mwisho. Halafu ndo madeni mengine, na yasipotosha yanagawana sawa kwa uwiano. Afisa wa SACCO iliyokuwa inamdai mjomba alikuja akidhani yeye ni wa kwanza kwa sababu ana fomu yenye muhuri, tukamwonyesha, akaenda kuuliza kwao, akarudi mpole.

Kelele za mwisho zilikuwa za shilingi ya Kenya. Wiki ya mazishi shilingi ya Kenya ilikuwa chini sana, tulibadilisha Sofia kwa 24 hivi. Wiki hizohizo ikaanza kupanda, Kenya ilikuwa inanunua mapema ile bondi yake ya dola, na kufikia sasa ni kama 28.5. Kwa KSh 85,000 tofauti ni 382,500. Binamu anasema nilituma Kenya nirudishiwe Kenya. Mjomba mdogo anasema mirathi haichezi kamari ya sarafu.

Wale watatu wakagawa hesabu kwa matumizi. KSh 25,000 zilinunua jeneza upande wa Kenya, risiti ni ya Kenya, muuzaji alipokea za Kenya, hiyo anarudishiwa KSh 25,000 kwa bei ya leo, 712,500. KSh 60,000 zilibadilishwa siku ileile zikawa 1,440,000 za Uganda, na hizo ndo zililipia gari za waombolezaji na vitu vingine ambavyo risiti zake ni za Uganda, kwa hiyo anarudishiwa 1,440,000. Jumla 2,152,500. Hakufurahi sana, lakini alisaini.

Dada alitaka pia riba ya mkopo wake wa SACCO, 384,000. Watatu wakakataa, wakasema mirathi inarudisha bili ya hospitali, mkopo aliuchukua mwenyewe na angeweza kuuliza ukoo. Mimi naona alionewa, manake usiku ule hakukuwa na ukoo wa kuuliza, mwili ulikuwa umeshikwa. Alinyamaza kwa sababu ni msimamizi.

Mama mdogo kuna kitu aliomba: badala ya 600,000 apewe friza ya mjomba. Friza ni ya thamani kama hiyo na hakuna aliyeitaka. Wakili akasema mali haitoki bila watoto kukubali kwa maandishi, na bei ithaminiwe na mtu wa nje, hasa kama mchukuaji ni msimamizi au mtu wake wa karibu, uuzaji wa namna hiyo unaweza kubatilishwa na yeyote mwenye haki. Mama mdogo akasema basi nipeni pesa tu, nimechoka na sahihi.

Yaliyolipwa kwa mazishi: dada 3,200,000, mimi 600,000, binamu 2,152,500, mama mdogo 600,000, vijana 250,000. Jumla 6,802,500. Mjomba mdogo hakulipwa kitu kwa sababu alikwishapokea, akarudisha laki moja yake mwenyewe, noti kumi za elfu kumi kwenye bahasha, bila neno.

Kupata barua: wakili 2,000,000, mthamini 500,000, gazeti 350,000, korti na kiapo na kopi 215,000, safari 350,000. Jumla 3,415,000. Safari zetu tulidai nauli tu. Chakula cha njiani hatukudai na muda wetu haukuhesabiwa.

Askari wa usiku wa vyumba, miezi mitatu kwa 150,000, 450,000. Huyu alikuwa hajadai hata siku moja, jina lake tulilikuta kwenye kijitabu cha mjomba.

Kila malipo yalikwenda kwa akaunti au simu ya mdai mwenyewe, hakuna kesh, na kila mmoja amesaini karatasi inayosema hadai tena kitu kwa ajili ya mazishi. Akaunti imebaki na 1,932,500.

22 Machi 2025

SACCO inadai 4,000,000. Tumewapa 1,900,000, na iliyobaki wanalipwa kwa kodi za vyumba, wamekubali kwa maandishi kusimamisha riba toka tarehe ya kifo. Orodha ya mali imepelekwa kortini, kaunta buku ya mwalimu ikaambatanishwa kwa kopi, kurasa zenye doa la chai tulizipiga mara mbili zisomeke. Hesabu kamili inatakiwa kabla ya mwisho wa Novemba. Hati ya plot iko ofisi ya ardhi Tororo kuingizwa majina ya wasimamizi, risiti ya ada nimeweka kwenye daftari jekundu, hiyo itadaiwa na dada kwa sababu yeye ndiye alilipa.